Cloud Resume Challenge: maoni ya klarki wa kliaringi aliyehamia klaudi

Nianze na jibu maana najua wengi mnataka kujua tu kama hii Cloud Resume Challenge inafaa au haifai: inafaa, na mi naipa nyota nne kati ya tano, ila mbili kati ya hizo nne ni za watu niliofanya nao sio za chalenji yenyewe. Ubishi wangu wote uko hapo, kwaiyo mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Mi sio mtu wa kompyuta kwa kusomea. Nilikua klarki kwenye kampuni ya kliaringi na fowadingi hapa Dar, kazi yangu ilikua kufukuzana na makaratasi ya mizigo kama BL, manifesti na rilizi oda, kushinda kwenye ma-ICD (yadi za kontena nje ya bandari) huku mteja anapiga simu anauliza kontena lake limefikia wapi, na jioni kuingiza makaratasi kwenye mfumo wa forodha mpaka macho yanawasha. Sio kazi mbaya, imenisomeshea mdogo wangu, ila ukikaa miaka unaona kabisa kila mfumo mpya ukija kuna meza moja inaondoka ofisini, na yangu nilikua naiona inavyosogea kuelekea mlangoni. Basi nkaanza kutafuta cha kufanya.

Kwa wasioijua, Cloud Resume Challenge ni kazi ya vitendo iliyotungwa na Mmarekani anaitwa Forrest Brazeal mwaka 2020, kipindi kile cha korona. Hakuna darasa, hakuna mwalimu, ni orodha ya hatua 16 tu. Unatengeneza sivii yako kama ukurasa wa mtandaoni, unaipandisha klaudi (yaani kompyuta za kukodi za kampuni kubwa, unazitumia kupitia intaneti), unaiwekea HTTPS (njia salama ya kufungua ukurasa), unaipa domeini (jina la tovuti), unaweka kaunta ya kuhesabu wageni, hiyo kaunta inasoma databesi kupitia API (mlango ambao programu moja inaongea na nyingine), kodi (maandishi ya programu) ya nyuma unaiandika kwa Python na kuipima kwa testi, miundombinu yote unaiandika kama kodi badala ya kubofyabofya, unasukuma kila kitu GitHub (stoo ya kodi mtandaoni) na kikishasukumwa kinajipandisha chenyewe, alafu mwisho unaandika ulichojifunza. Kuna ya AWS (klaudi ya Amazon), kuna ya Azure (ya Microsoft), kuna ya Google Cloud, mi nilipiga ya AWS. Orodha ni bure kabisa, kuna mwongozo wa kulipia kwa anayetaka kushikwa mkono zaidi lakini sikuununua. Mmoja wa watu wa mwanzo mwanzo kuimaliza na kupata kazi alikua fundi bomba huko Marekani na hiyo stori ndo ilinikamata, nkasema kama fundi bomba kaweza klarki wa bandarini anashindwaje.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba maelezo ni mafupi kwa makusudi. Yanakwambia kitu gani kiwepo, hayakwambii ubonyeze wapi, na kwa mtu aliyezoea video za youtube za "fuata mimi" hii inauma kweli siku za kwanza maana unakaa unatazama skrini kama umeibiwa, lakini ndo kazi yenyewe ilivyo, hakuna bosi atakayekupa video. Video nilikua nimeangalia nyingi tu kabla, na baada ya kila moja najiona fundi, ukizima laptopu huwezi kufanya hata nusu ya ulichokiona.

Hatua ya 1 kwenye orodha ni cheti, AWS Cloud Practitioner, na hapa mi nabishana nao. Ule mtihani ni dola 100, maswali 65, dakika 90, pasi ni 700 kati ya 1000. Dola mia ni laki mbili na nusu huko kutegemea dola imeamkaje, na kwa mtu ambaye hajawahi hata kufungua akaunti unalipa hiyo hela kukariri majina, S3 (stoo ya mafaili) ni hii, EC2 (seva ya kukodi) ni ile, bila kujua kinachouma kiko wapi. Cheti chenyewe kinaisha baada ya miaka mitatu. Mi nilianza na HTML (lugha ya kujengea ukurasa) nkarudi kwenye mtihani mwishoni kabisa na niliukuta mwepesi maana kila swali la bili na la usalama nilikua nimeshalishika kwa mkono. Kama mna bajeti ya mtihani mmoja tu kuna watu wanashauri kuruka huu na kwenda moja kwa moja Solutions Architect wa dola 150, na siwapingi, maana huo ndo nilioulizwa sana kwenye kutafuta kazi.

Kuhusu akaunti. Unahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni au kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, na mambo ya bure yamebadilika kwaiyo msifuate maelezo ya zamani: akaunti zinazofunguliwa kuanzia 15 Julai 2025 zinapewa krediti za dola 100 mwanzoni, unaweza kuongezewa mpaka dola 100 nyingine ukifanya vikazi flani wanavyokupa, na plani ya bure inadumu miezi 6 au mpaka krediti ziishe, kinachotangulia. Kwa hii chalenji inatosha sana, maana vingi vinavyotumika vina kiwango cha bure cha kila mwezi hata nje ya hapo, Lambda (inayoendesha kodi yako bila wewe kuwa na seva) inakupa maombi milioni moja kwa mwezi, DynamoDB (databesi) giga 25, utumie na nani.

Kinachokula hela ni vile vitu vinavyokaa. Na hapa uklarki wangu ulinisaidia kuliko digrii ya mtu, maana nlivoona jedwali la bei nkacheka peke yangu, hii ni demareji kabisa: kontena likikaa yadi linachajiwa ulifungue usilifungue, ulale usilale. NAT Gateway (lango la mashine zako kutokea intaneti) moja iliyosahaulika kwenye vituo vya AWS vya Virginia, Marekani, ni dola 0.045 kwa saa, mwezi ukiisha ni dola 32 hivi na haijafanya chochote. Anwani ya IPv4 ya wazi (namba ya mashine kwenye intaneti) wanachaji dola 0.005 kwa saa tangu Februari 2024. Zoni ya Route 53 (panapotunzwa anwani za domeini yako) nusu dola kwa mwezi. Kwaiyo siku ya kwanza kabla hujagusa chochote weka bajeti yenye alamu ya barua pepe, hata ya dola moja, na ujue kwamba alamu inakuambia tu, haizimi kitu, na inachelewa masaa kadhaa. Kuzima ni wewe.

Haya, tuje kwenye hatua zenyewe. HTML na CSS nzipite haraka, hata sivii ikiwa mbaya kwa sura hakuna anayejali, msipoteze wiki nzima kwenye rangi. Kazi inaanzia kwenye HTTPS. Ukurasa uko kwenye baketi (kapu la mafaili) ya S3, mbele yake unaweka CloudFront (inayosambaza nakala za ukurasa kwenye vituo vilivyo karibu na watu), na CloudFront inataka cheti cha usalama. Sasa kuna kitu kidogo kimelaza watu macho: cheti cha kutumika na CloudFront lazima kiombwe kwenye rijini (eneo la vituo vya data) ya us-east-1, Virginia, hata kama vitu vyako vyote viko Cape Town. Ukikitengeneza kwingine hakionekani kwenye orodha na hakuna erro inayokwambia kwanini, unaona tu orodha tupu. Ukitaka domeini ya .co.tz unanunua kwa msajili wa hapa alafu unaingiza zile neimu seva nne za Route 53, unasubiri.

Alafu CORS, sheria ya brauza kuhusu ukurasa kuita domeini nyingine. Nani aliyepita hapa bila kuongea peke yake. Ukurasa wako uko kwenye domeini moja, API iko kwenye anwani nyingine, JavaScript inaita API, API inajibu vizuri kabisa ukiijaribu kwenye teminali, lakini kwenye brauza kaunta haitoki, unaona maandishi mekundu. Kinachotokea ni kwamba brauza ndo inakataa, sio seva. Brauza inataka majibu yaje na heda (maandishi ya utangulizi ya majibu) inayosema "domeini ile nairuhusu", isipoiona inatupa majibu. Na kama umetumia REST API na Lambda kwa njia ya proksi (majibu ya Lambda yanapita kama yalivyo), kuwasha CORS kwenye API Gateway (huduma ya AWS ya kuweka API) peke yake haitoshi, Lambda yenyewe lazima irudishe hiyo heda kwenye majibu yake. Nimeandika kwa sentensi chache hapa lakini kuifikia hiyo picha ndo ilinipeleka kwa watu.

Maana kwenye orodha hawakuandika hatua ya 17, kutafuta watu. Chalenji ina jamii yake kubwa Discord na ni wakarimu, ila wengi wako Marekani, unauliza saa mbili usiku unajibiwa alfajiri, na ukiuliza kuhusu kadi kukataliwa au bando kuisha katikati ya kupakua wanakuonea huruma tu. Mi nilipata kikundi cha hapahapa, watu wa Jumamosi, sio taasisi wala hakina jina la maana, tulikua tunakaa popote penye intaneti na soketi, wa benki mmoja, dada mmoja muuguzi anayetaka kuhama, vijana wa chuo, na kaka mmoja anayefanya kazi hizi siku nyingi ambaye alikua na sheria moja tu. Ukimpelekea tatizo anakuuliza, "Kaka, erro umeisoma mpaka mwisho?" Hujasoma, rudi ukasome. Umesoma, haya sasa muelezee dada hapo pembeni inasema nini, sio mimi. Mara nyingi katikati ya kumuelezea dada unajikuta umeshapata jibu na kaka wa watu hajanyanyua hata macho kwenye simu.

Yule ndo aliyetuambia kitu ambacho naona ni muhimu kuliko hatua zote 16. Alisema sivii yenye kaunta kila mtu anayo, mwenye kazi ameshaziona nyingi, nendeni mkachukue vilevile vipande mkamfanyie mtu kitu anachokihitaji.

Tukapata ligi ya mtaa. Ndondo. Mzee anayeiendesha alikua anaandika msimamo kwenye daftari alafu anapiga picha anatuma kwenye magrupu ya WhatsApp, picha inasambaa, wiki ijayo mtu anatuma ya zamani, ugomvi. Tulienda kumsalimia, shikamoo mzee, tukamueleza, akatuangalia akasema "Wanangu, mi sina hela." Tukamwambia hatutaki hela. Akasema "Basi fanyeni, ila msije mkaniharibia ligi."

Ukiangalia kiufundi ni chalenji ileile. Ukurasa S3, mbele CloudFront, msimamo na matokeo DynamoDB, Lambda ya Python, badala ya kaunta ya wageni kuna magoli. Ila mambo yalibadilika kabisa pale watu wa kweli walipoanza kuingia. Kwanza usalama, nani anaruhusiwa kuingiza matokeo, maana kwenye sivii yako hakuna anayetaka kudanganya kaunta ila kwenye ndondo kuna watu wangelipa kubadilisha goli moja. Kwaiyo tukajifunza IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) na kuweka logini kwa lazima, sio kwa sababu kuna hatua inasema. Pili taarifa za watu. Fomu ya ligi ilikua na tarehe za kuzaliwa na namba za simu za vijana wengine wadogo kabisa, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kazi Mei 2023, inagusa hata kuhamisha taarifa nje ya nchi. Tukabishana sana siku hiyo. Mwisho tukaamua hizo hazipandi kabisa, klaudi linaenda jina la uwanjani, namba ya jezi na timu, basi, mengine yabaki kwenye daftari la mzee.

Tatu ni umbali. Hapa nilijifunza kitu ambacho sijakiona kwenye maelezo mengi ya watu: CloudFront ina madaraja ya bei, na ukichagua la rahisi kabisa vituo vya Afrika havimo, unahudumiwa kutoka Ulaya wakati Nairobi kituo kipo. Mtu wa Buguruni anafungua msimamo unatoka Ulaya. Tukabadilisha daraja. Na kwenye kuchagua rijini tulijadili Cape Town, ambayo ipo tangu 2020 na lazima uiwashe mwenyewe kwenye akaunti, bei zake ziko juu ya Virginia, na kuna mmoja akakumbusha Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilivyokatika baharini na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kunyang'anyana. Kwaiyo kuwa karibu kwenye ramani sio kila kitu. Tulibaki Virginia kwa ajili ya bei. Alafu Oktoba 20, 2025 si mnakumbuka, DynamoDB ya us-east-1 ikapata shida ya DNS (kitabu cha anwani za intaneti) na nusu ya aplikesheni za dunia zikayumba nayo, Jumamosi iliyofuata hatukugusa kodi kabisa tulikaa tunasoma ile ripoti waliyoitoa wenyewe, mstari kwa mstari. Darasa bora nililowahi kukaa. Kaka akauliza haya, ligi yetu inahitaji rijini ya pili? Tukapiga hesabu, jibu likawa hapana, mzee ana daftari.

Robo fainali mzee akanipigia. "Kijana wangu, ratiba yenu inasema mechi saa tisa, mi nimeshabadilisha saa kumi, watu wananitukana huku." Kwenye baketi ratiba ilikua sahihi. Kwenye simu yangu sahihi. Kwenye simu za watu saa tisa. CloudFront ilikua imeshikilia nakala ya zamani, kwa kawaida usipoiambia kitu inaweza kukaa nayo masaa 24, inabidi uiambie iitupe, na njia 1000 za kwanza kwa mwezi ni bure. Tukaitupa, tukaongeza hiyo amri kwenye GitHub Actions (inayoendesha amri zenyewe kodi ikisukumwa) ili kila ratiba ikibadilika nakala zinafutwa zenyewe, na tukaipunguzia muda wa kushikilia ule ukurasa. Mzee hakushukuru, alisema tu "sasa ndo naona."

Nimeikalia hii stori kwa sababu ndo iliyonipa kazi, sio cheti. Kwenye intavyuu waliiona sivii yangu yenye kaunta, wakauliza swali moja, wageni wawili wakiingia sekunde ileile inakuaje. Hili mtu aliyefanya chalenji kwa kukopi anaanguka, maana kodi nyingi zinasoma namba, zinaongeza moja, zinaandika, sasa wawili wakisoma 41 kwa pamoja wote wanaandika 42 na mgeni mmoja kapotea. Jibu ni kuiachia DynamoDB yenyewe iongeze kwa amri moja isiyokatika katikati. Sawa, wakatikisa kichwa. Alafu akauliza mama mmoja aliyekua kimya muda wote, niambie mara ya mwisho kitu kimeharibika na wewe ndo unapigiwa simu. Nkampa robo fainali yote, na mzee, na saa tisa na saa kumi. Tuliongea hiyo tu mpaka muda ukaisha, akataka kujua tulijuaje sio baketi, tulianza kuangalia wapi, nani aliamua. Kampuni siitaji, ni kazi ya chini, ya kuanzia, zamu za usiku zipo na mshahara wa mwanzo haukua mbali na wa kliaringi, mtu asiwadanganye kwamba unaingia klaudi leo kesho unahamia Masaki.

Sasa lawama, nyota niliyoikata.

Chalenji inakuruka Linux na mitandao karibu yote. Kila kitu ni Lambda, hakuna seva unayoingia, hakuna sabneti (kipande cha mtandao) unayoigawa, na soko letu la hapa bado lina seva nyingi sana za vyumbani. Mabenki na makampuni ya simu yana vyumba vyao, mifumo ya serikali inakaa kwenye vituo vya ndani, Kijitonyama pale kuna kituo cha taifa cha data. Ukienda unajua DynamoDB tu na hujui kusoma jedwali la njia za mtandao au kwanini seva ya Ubuntu imejaa diski, utakaa benchi. Mi ilibidi nijifunze pembeni, nikitumia mashine ndogo ya EC2 na kuizima kila nikimaliza.

Pili inachukulia una laptopu nzuri na intaneti isiyoisha. Unaweza kukwepa kidogo, CloudShell (teminali ya AWS) iko ndani ya konsoli yenyewe na haina gharama, GitHub Codespaces (mashine ya kuandikia kodi mtandaoni) inatoa masaa 60 kwa mwezi bure kwenye mashine ndogo, kwaiyo hata laptopu ya mkono wa pili ya Kariakoo yenye RAM ya giga 4 inasukuma, ila haya hakuna aliyeniambia nimeyaokota kwa watu. Umeme ukikatika hilo lako na TANESCO.

Tatu, hatua ya usalama wa funguo imetajwa kijuujuu. Watu wanaweka funguo za AWS (maneno ya siri ya kuingilia akaunti) kwenye kodi wanasukuma GitHub hadharani, na kuna maroboti yanayozunguka kutafuta hizo tu, ndani ya dakika chache mtu anachimba sarafu za mtandaoni kwa akaunti yako. Tumia OIDC (GitHub inapewa ruhusa ya muda mfupi tu) kuunganisha GitHub na AWS, hakuna funguo ya kuvuja kabisa. Hii ningeiweka hatua ya 2 kwa herufi kubwa.

Na nne ni kile alichosema kaka, zimekua nyingi. Kodi za majibu zimejaa kila kona, unaweza kumaliza wikiendi moja bila kuelewa chochote. Sio kosa la aliyeitunga ila mnunuzi lazima ajue.

Ukilinganisha na njia nyingine, AWS re/Start ni darasa kamili la bure la wiki 12 kwa wasio na ajira, kama una muda wa mchana na wapo ulipo nenda, mi nilikua kazini sikuweza. Skill Builder ya AWS ina kozi nyingi za bure, nzuri kwa mtihani, zinasinziza. AWS Educate haihitaji kadi, ina maabara zake, kwa asiye na kadi ndo pa kuanzia. Zile kozi za mtaani za milioni na kitu wanazokuahidi kazi, angalia kwanza kama mwalimu ana kitu kinachotembea mtandaoni cha kukuonyesha, kama hana hela yako kalipe mtihani.

Saivi ligi imeisha na mzee anataka msimu ujao mashabiki wampigie kura mchezaji bora, nusu yao hawana simu janja, tunabishana SMS tutaimuduje. Yule dada muuguzi ndo anaongoza hiyo sehemu na yuko mbele yangu kwa Terraform (zana ya kuandika miundombinu kama kodi), anachekesha anavyosahihisha kodi zangu.

Alafu nimesahau kitu: kwa mitihani ya AWS, kama Kiingereza sio lugha yako ya kwanza unaweza kuomba dakika 30 za ziada na ni bure. Unaomba mara moja kwenye akaunti yako ya vyeti, ila lazima uombe KABLA hujachagua tarehe ya mtihani, ukishabuku hautaziona kwenye mtihani huo.